Vifaranga wa Mwenyekiti

Jumatatu, 3 Machi
Vifaranga wameanza kuogelea! Nimehesabu sitini, kisha hamsini na nne, kisha nikaacha maana hawatulii. Wembamba kama kope. Wazazi wao ni diskasi, samaki wekundu, bapa na mviringo kama sahani. Baba yao nimempa jina la Mwenyekiti kwa jinsi anavyotazama watu. Shemeji, kaka yake mke wangu, anayefuga samaki tangu ujana, alishanitangazia kwamba diskasi si samaki wa mtu mwenye pupa kama mimi. Jumapili anakuja kututembelea. Atawakuta sitini. Mke wangu naye kasema wakifa na hawa, tangi linatoka juu ya meza ya chakula. Kweli, tunakula magotini mwezi wa pili sasa.

Jumanne, 4 Machi
Balaa. Vifaranga wote wamemganda Mwenyekiti mbavuni, wanamdonoa. Wanamla baba yao mzima mzima! Naye katulia tu, anavumilia. Machozi yalinilengalenga, nami ni baba. Nimewahamishia wazazi wote wawili kwenye beseni kubwa bafuni, pamoja na hita ya akiba. Watoto nimewapa kiini cha yai. Mama mkwe, mkunga mstaafu, yuko kwetu kwa wiki mbili. Aliniuliza kwa upole kama nina hakika. Nikamwambia mambo ya samaki aniachie mimi. Akasema haya, baba.

Jumatano, 5 Machi
Wamebaki arobaini. Hawali. Wanazunguka tangi zima wakitafuta kitu. Nikapata wazo: wanataka kitu cha duara! Nikachukua sahani nyekundu ya wageni, nikaipaka kiini cha yai, nikaining'iniza majini kwa uzi. Wakaisogelea, wakaionja, wakaondoka. Nikaitikisa ili ionekane inaogelea. Bado nilikuwa naitikisa mke wangu aliporudi kazini. Alifungua kabati, akahesabu sahani zilizobaki.

Alhamisi, 6 Machi
Ishirini na watatu. Mama mkwe kavuta kiti mbele ya tangi, katazama kwa muda mrefu. Kasema amekaa na watoto wachanga miaka thelathini, na hawa wananyonya. Hawamli baba yao. Wanalamba ule ute wa ngozi yake. Nikabisha. Nikabisha tena. Kisha kifaranga mmoja akazama mbele ya macho yangu, nikaelekea bafuni.

Nimewarudisha wazazi kwa mikono yangu mwenyewe. Mwenyekiti hakutafuta hata kona ya kujificha. Alisimama katikati ya tangi, akalaza mapezi, akangoja. Watoto wakamjia wote kwa pamoja. Alipochoka alijitikisa kidogo, wakahamia kwa mama yao. Nimelia, sifichi. Mama mkwe kanipa kitambaa cha kukaushia vyombo.

Jumapili, 9 Machi
Kumi na tisa, matumbo yamejaa. Shemeji kafika. Nikamweleza kwa kirefu habari za ute na jinsi nilivyogundua jambo hilo. Mama mkwe akakohoa. Shemeji kakiri kwamba uzao wake wa kwanza wa diskasi ulikufa wote. Sikutabasamu, ila kidogo. Akauliza sahani inafanya nini ndani ya maji. Mke wangu akajibu haraka kwamba ni pambo. Nampenda sana mwanamke huyu.

Jumamosi, 15 Machi
Wazazi wametaga tena, juu ya sahani ileile! Mke wangu kasema basi, ibaki humo. Tumekula magotini, tukiwatazama. Bado kumi na tisa, wakubwa kama ukucha wa kidole kidogo. Mama mkwe kaondoka asubuhi. Kaniagiza nisiguse kitu. Wataacha kunyonya wenyewe, siku zao zikifika.

Ni mama mwenye busara, lakini hajamtazama Mwenyekiti leo. Kakonda. Mbavu zina madoa. Na hawa wakubwa bado wanamdonoa bila haya. Mimi naona anahitaji kupumzika, siku moja tu. Beseni nimeshalisugua. Na kabatini kuna sahani nyekundu nyingine.