Kifundo cha Leonard na Kiti cha Simiyu

Jumatatu, 26 Februari

Falls Church. Mvua. Nimechoka hata chai sijanywa.

Simiyu kahamia Texas, na kiti chake katika Kamati ya Tuzo ya jumuiya yetu hapa Marekani kiko wazi. Mwaka wa sita huu mimi ni mjumbe wa akiba. Napanga viti, nasikiliza, sipigi kura. Sasa Bi Edah, mwenyekiti, ametangaza tuzo mpya: mchezaji bora wa benchi, kwa watoto wetu wanaochezea vyuo vya huku mpira wa kikapu. Akiba atakayeleta mshindi ndiye atakayekalia kiti cha Simiyu. Akiba tuko wawili. Mwingine ni Gwakisa. Mungu anisaidie.

Gwakisa kamleta Zefania, wa chuo kimoja cha Rockville, pamoja na jedwali lenye rangi nne. Kwake thamani ya mtu wa benchi ni pointi kwa dakika, basi. Edah anasema hapana, tutazame timu inafanya nini huyo mtu akiingia. Mimi nimemleta Sabri, mtoto wa Bi Mize, anayesoma karibu na College Park. Hesabu yangu ni pana zaidi: nahesabu na mara anazosimama kushangilia wenzake, na maji anayowapelekea. Gwakisa alicheka mpaka akavua miwani.

Sharti ni moja. Mchezaji awe ametokea benchi zaidi ya nusu ya mechi zake. Sabri kaanza mechi kumi na nne kati ya ishirini na tisa. Imebaki moja, Jumamosi. Akae benchi tu! Sijaomba kikubwa.

Jumanne, 27 Februari

Balaa! Leonard, yule mrefu anayeanza katika nafasi ya Sabri, kateguka kifundo cha mguu mazoezini. Sabri kanipigia, furaha imemjaa na huku anajitahidi kumsikitikia mwenzake. Kocha kamwambia Jumamosi ataanza yeye. Ndiyo mechi yake ya mwisho chuoni. Na mama yake kaomba ruhusa kazini. Bi Mize anatunza wazee, Jumamosi zote yuko zamu, hajawahi kumwona mwanawe akicheza. Miaka minne! Kanunua na mtandio mpya.

Nikasema mashallah. Nikakata simu, nikapiga hesabu. Kumi na tano kati ya thelathini. Nusu kamili. Nusu si zaidi ya nusu!

Nilimpigia Edah kumuuliza, kwa upole, kama sharti lina uchochoro. Akanijibu kwamba rule ni rule, Othman, na nisimsumbue akiwa kwa queue. Kutwa nzima kazini nimewajibu watu waliosahau nywila zao, na akili yote iko kwenye mguu wa Leonard.

Jumatano, 28 Februari

Mpango ni mwepesi. Leonard apone!

Ninayo chupa ya mafuta ya karafuu, dada yangu kaniletea kutoka Pemba. Nikaingia barabara kuu ya Beltway. Saa moja na nusu nyuma ya lori la magodoro. Nilimwambia Sabri kwamba nimeguswa na maumivu ya rafiki yake. Hakushuku chochote. Alinipeleka mpaka chumbani kwa Leonard, akanishikia chupa, akamshikia mwenzake mguu. Mikono yangu ilipochoka akakanda yeye, dakika arobaini. Leonard alisema chumba kinanuka kama kwa daktari wa meno.

Nikamchokonoa Sabri kidogo: haoni kwamba huyu akipona, yeye atarudi benchi? Akanijibu kwa Kiingereza, kama kawaida ya watoto wa huku, kwamba anajua, lakini na Leonard pia huu ndio mwaka wake wa mwisho.

Kuna kitu kilinichoma kifuani. Labda ni karafuu. Nikaandika daftarini: kumkanda mwenzake, pointi tano. Gwakisa hana safu ya namna hiyo.

Ijumaa, 1 Machi

Leonard anatembea! Kocha kabadilisha: anaanza Leonard. Sabri kanitumia ujumbe wa kunishukuru. Kunishukuru mimi! Nimeusoma mara mbili, nikaufuta.

Jumamosi, 2 Machi

Bi Mize alikaa ubavuni kwangu, na mtandio wake mpya. Sabri alikuwa hajamwambia mabadiliko, nadhani alishindwa. Taa zikazimwa, muziki ukapigwa, mtangazaji akaanza kuita majina ya wanaoanza. Bi Mize alikuwa ameinua simu, tayari kurekodi. Likaitwa la kwanza, la pili, mpaka la tano. Simu bado iko juu. Akaniuliza taratibu wanaita wangapi. Nikamwambia watano tu.

Akaishusha. Akaniuliza mwanawe kakosa nini. Nikasema hajakosa kitu, ndivyo mchezo ulivyo. Nasema kweli, niliona aibu.

Dakika ya nane Leonard akaanza kuchechemea, akaingia Sabri. Timu ilikuwa nyuma kwa pointi tisa. Wakamaliza mbele kwa nne. Bi Mize alipiga vigelegele mpaka mlinzi akageuka, ila simu ilikuwa imeshaingia mkobani na hakuitoa tena.

Kumi na sita kati ya thelathini kutoka benchi. Zaidi ya nusu!

Jumapili, 3 Machi

Kikao, sebuleni kwa Edah. Zefania alikuwa mbele kwa pointi, lakini Edah akaonyesha kwamba kila Sabri akiingia timu inapanda. Kura zote kwa Sabri. Nikaanza kuvuta kiti cha Simiyu.

Edah akampigia mshindi, sauti nje tusikie wote. Sabri akashukuru sana. Akaongeza kwamba tuzo ni ya Uncle Othman pia, kwani ndiye aliyemponya Leonard kwa mafuta Jumatano.

Gwakisa akafungua jedwali lake, akahesabu kwa sauti mechi ambazo Sabri angeanza Leonard asingepona: kumi na nne, kumi na tano. Kwenye simu nikasikia sauti ya Bi Mize ikiuliza, Jumatano ipi.

Edah akaamua. Tuzo ibaki kwa Sabri, yeye hana kosa. Kiti apewe Gwakisa. Mimi nibaki akiba. Sasa niko peke yangu katika cheo hicho, na nimepanga viti kabla ya kuondoka.

Alhamisi, 7 Machi

Bi Mize hajibu salamu zangu. Nimemwandikia kumtaka radhi mara tatu. Kasoma zote. Ramadhani inaingia wiki ijayo, nimeamua kuacha fitina. Kabisa.

Mchana Edah kapiga simu. Gwakisa kateguka kiuno akihamisha kabati, hawezi kukaa wala kusimama. Asipopata nafuu kufikia kikao cha Jumamosi, kura yake nitaipiga mimi. Kura! Miaka sita!

Baadaye kapiga Sabri. Kasikia habari za Gwakisa. Yuko tayari kunipitia, nichukue ile chupa tukamkande, na mama yake atakuja naye. Bi Mize kasema kama kweli nataka radhi, nianzie hapo.

Nimemwambia mafuta yamekwisha.

Chupa iko nyuma ya mfuko wa unga. Jiko zima linanuka karafuu. Nimefungua madirisha yote, wasije wakapita hapa wakaisikia harufu.