Mkono wa Kushoto wa Mwamuzi

Jumatatu, 9 Juni

Mpango umekamilika. Mkataba wangu wa ukarani kwenye dirisha la kutolea namba za magari unaisha mwisho wa mwezi. Nafasi ya kudumu ni moja. Tuko wawili: mimi na Trent Wubbena wa dirisha la pili. Atakayechagua ni bosi wetu, Bi Marlys Ubben, ambaye jioni huwapima na kuwathibitisha waamuzi wa softiboli (mpira mgumu, gongo na vituo vya kukimbilia) wa shule za sekondari wilaya nzima. Trent ana kibali cha kuwa mwamuzi. Basi nami nitakuwa nacho. Bi Marlys hajasema kwamba kibali kinahusiana na kazi. Hana haja ya kusema. Nimesoma chuo, naelewa mambo yasiyosemwa.

Mtihani wa sheria nimepata tisini na sita. Trent alipata themanini na moja. Sikujisifu kwa mtu yeyote. Nilimwambia Trent tu.

Jumamosi napimwa uwanjani. Kuna tatizo dogo. Naogopa mpira.

Jumanne, 10 Juni

Mazoezi. Nilivaa barakoa ya chuma, kinga ya kifua, kinga za miguu na viatu vigumu. Mpira haukuwa na pa kunipata. Hata hivyo kila ulipokuja nilifumba macho. Bahati nzuri barakoa inaficha. Nikaanza kuamua kwa masikio: mpira uliorushwa ukitua kwenye glavu bila mdakaji aliyechuchumaa mbele yangu kuhangaika, mzuri. Nikimsikia anaparamia, mbaya.

Halafu nikainama kupangusa kwa brashi kituo cha nyumbani, kile kibao cheupe ambacho mkimbiaji akikifikia ni bao. Nilikipangusa kikang'aa. Kumbe nilikuwa nimewageuzia watazamaji makalio. Hapa kwetu mwamuzi huinama akiwaelekea watu. Makalio ni ya uwanja. Mzee mmoja, mkononi ana kipande cha nguruwe cha kukaanga kilichouzidi mkate wake, aliuliza kama hiyo ndiyo sura ya mwamuzi mpya. Mkewe akasema afadhali, ile ya juu ina wasiwasi.

Trent alinivuta pembeni akanieleza utaratibu kwa upole. Upole wa namna hiyo naujua.

Jumatano, 11 Juni

Nimepata dawa! Iko kwenye kitabu cha sheria, sehemu ya kizuizi. Mchezaji asiye na mpira akimzibia njia mkimbiaji, mwamuzi hasimamishi mchezo. Hunyoosha mkono wa kushoto, ngumi imefungwa, akauacha hewani. Mchezo unaendelea mpaka hatua hiyo iishe. Hapo ndipo anaeleza alichokiona.

Nilisoma tena. Yaani ipo ishara halali ya kusema subirini, nitawaambia baadaye. Sijui kwa nini waamuzi wengine hawaitumii muda wote.

Nimeanza kuizoea kazini. Mteja akiuliza jambo gumu, nanyoosha mkono. Wa kwanza alidhani namwonyesha choo. Akaenda.

Ijumaa, 13 Juni

Mechi ya watoto wa madarasa ya chini, kwa majaribio. Kila mpira ulipopigwa nilinyoosha mkono. Makocha wakawa wapole ghafla, kwa kuwa hakuna aliyejua mkono unamfaa nani. Vumbi likitulia, naushusha taratibu. Hakuna aliyeuliza.

Ila Trent. Alitaka kujua nilikuwa naona nini. Nikamjibu, mambo ya uwanjani. Akaniambia bila kucheka kwamba yeye pia alikuwa akifumba macho zamani. Akajitolea kunirushia mipira ya sponji nyuma ya ofisi mpaka nizoee. Nimekataa. Anataka tu kuniona nikipigwa na sponji.

Jumamosi, 14 Juni

Bi Marlys alikaa nyuma ya wavu kwenye kiti chake cha kukunja. Mimi nyuma ya mdakaji, Trent karibu na kituo cha kwanza. Mambo yalikwenda vizuri sana mpaka kipindi cha mwisho. Mabao sawa, mkimbiaji wa timu yetu yuko kituo cha tatu. Mpira ukapigwa. Nikanyoosha mkono. Nikafumba macho.

Nilisikia miguu, kishindo, kisha uwanja mzima. Nilipofumbua, mkimbiaji amelala juu ya kituo cha nyumbani, mdakaji amemwinamia na mpira mkononi. Wote wawili wananitazama. Mkono wangu bado uko hewani.

Kocha wetu, Rod Hibma, alikuja akitembea polepole. Hapa mwamuzi huitwa Bluu, kwa ajili ya shati lake.

"Bluu, huo mkono ni wa nani?"

Nikasema ni kizuizi, kosa la mdakaji. Kocha wa wageni, Bi Joleen Fett, naye akafika.

"Kizuizi gani? Mpira alikuwa nao. Amemngoja huyu binti mpaka karibu aombe kiti."

Nikafikiri. Nikasema basi ni kosa la mrushaji. Mrushaji akaanza kulia.

"Bluu, kama umekosa mtu nichague mimi!" sauti ikatoka jukwaani. Ilikuwa ya yule mzee wa nguruwe.

Bi Marlys akasimama. Huwa hapandishi sauti.

"Nolan, uliona nini?"

"Nilisikia, bosi."

"Ulisikia nini?"

"Vumbi."

Akamgeukia Trent. Trent, aliyekuwa amekimbia mpaka karibu, akasema binti aliguswa na mpira kabla hajafika, yuko nje. Wote wakakubali, hata Hibma, ingawa ilimuumiza. Bi Marlys akaniambia nishushe mkono. Ulikuwa umekakamaa. Trent alinisaidia kuushusha.

Jumatatu, 16 Juni

Niliitwa ofisini. Kibali, hapana. Nafasi ya kudumu, Trent.

Bi Marlys alisema softiboli haikuhusika hata kidogo. Alisema pia kwamba mwezi uliopita aliomba nafasi ya pili kwa ajili yangu, maana sijawahi kukosea namba ya gari, na ilikuwa imekubaliwa. Lakini wiki iliyopita wateja wamelalamika kwamba karani wa dirisha la kwanza anawanyooshea ngumi. Kwa hiyo nafasi hiyo imesimamishwa, nami nimeongezewa mkataba mfupi, niangaliwe mpaka vuli.

"Kijana wangu," akasema, "usipokuwa na hakika, fumbua macho kwanza. Mkono baadaye."

Nilimshukuru. Nimeyatafakari maneno yake siku nzima, na sasa naona wazi nilipokosea. Nilichagua mchezo usiofaa.

Voliboli inaanza Agosti. Anayewathibitisha waamuzi wake ni Gaylen, mume wa Bi Marlys. Mpira ni mkubwa na laini, mwamuzi anasimama juu mbali na watu, na ana filimbi, ambayo humnyamazisha kila mtu kabla hajauliza.

Nimeshanunua yangu. Mchana niliijaribu dirishani, mteja mmoja alipoanza kubisha. Foleni nzima ilinyamaza, na Trent akatoka mbio kutazama moto uko wapi.

Inafanya kazi.