Magodoro Yamefika kwa Mujibu wa Ramani

Kurugenzi ya Ufuatiliaji wa Pamoja inayo heshima kuutangazia umma kwamba tangu mfumo wake uzinduliwe, hakuna lori hata moja lililopotea. Mimi ndiye mkurugenzi, kwa hiyo nasema ninachokijua.

Zamani kila mdau wa mnyororo wa ugavi alikuwa kivyake. Mwenye ghala alijua lake, mwenye malori lake, na hospitali ikikaa roho juu. Sasa wote wanatazama ramani moja, kila lori na kitone chake chekundu. Vifaa vya kufunga kwenye malori, vinavyotuma vitone hivyo, vilikuwa vya bei mbaya, na madereva wetu tunawajua. Kwa usalama, nikavifungia vyote kwenye kabati la ofisi yangu. Tangu hapo vitone vyote viko makao makuu, vimetulia tuli. Nidhamu ya namna hiyo sijapata kuiona.

Kisha dereva aliyebeba vitanda na magodoro ya wodi ya wazazi akapiga simu kuwa amekwama kwenye tope.

"Ramani inasema uko hapa makao makuu," nikamweleza kwa upole.

"Sawa, mkuu. Basi toka nje unisukume."

Kwa kauli hiyo nilimtaka atoe maelezo ya maandishi.

Muuguzi mkuu wa wodi naye hakuacha kupiga simu. Akina mama walikuwa wanalala sakafuni na vichanga vyao, na alisema wazi kwamba amechoka kuwaomba radhi. Nikamwelekeza atazame ramani, maana hiyo ndiyo faida ya kushirikishana teknolojia. Akatazama. Akaja na lori la kukodi na wapagazi, waziri akiwa ofisini kwangu anausifia mfumo.

"Nimefuata vitanda vyangu," akasema. "Ramani inaonyesha vimo humu humu."

Waziri akanigeukia. "Mkurugenzi, mfumo unasema kweli au unadanganya?"

Nilikifikiria cheo changu. Niliogopa, sifichi.

"Unasema kweli, mheshimiwa."

"Basi mama, chukua."

Wakabeba makochi ya ngozi. Wakakunja zulia. Muuguzi akakibonyezabonyeza kiti changu cha kuzunguka, akasema kitamfaa mama anayenyonyesha. Nikasaini hati ya makabidhiano nikiwa nimesimama, waziri akipiga makofi.

Leo amepiga simu mwalimu mkuu anayesubiri madawati. Ameyaona kwenye ramani, yuko njiani. Nimebaki na meza moja tu, nami nimeikalia.