Paja Lililoingia Pichani

Uvumi ulimwingia Ermelinda akikanda unga, ukakataa kutoka. Eti jibini la Bi Iolanda, mjane wa ghorofa ya chini, limechorwa na msanii wa kisasa kutoka Milano, na sasa picha yake imetundikwa Venezia, watu wanapanga foleni kuitazama. Jibini lenyewe halikuonekana tena, lakini hilo hakuna aliyelizungumza. Mtaa mzima wa Bologna uliulizana tu: zamu ijayo ni ya nani?

Msanii huyo, Fosco Bertuzzi, mtu wa skafu shingoni na njaa tumboni, alikuwa akipita chini ya dirisha la Ermelinda Alhamisi ile, akainua pua. Pua yake haikuwahi kudanganya. Kazi hiyo aliuachia mdomo. Pua hiyo ilinusa paja la nguruwe lililokaushwa kwa chumvi, lililoning'inia jikoni miaka miwili likingoja harusi ya Loredana, binti pekee wa Ermelinda. Harusi ilikuwa Jumamosi.

Alipofunguliwa mlango alijishika kifua.

"Mama, usisogee! Paja lile kalitundika nani?"

"Mimi. Kwani lina nini?"

"Lina mwanga! Miaka ishirini nachora maumbile mafu, sijaona maiti nzuri kama hii."

Maumbile mafu ndivyo tunavyoziita picha za chupa na matunda, kwa hiyo Ermelinda hakushtuka. Aliuliza tu, "Mbona ya Bi Iolanda, nasikia, ina chupa tatu tupu?"

"Ndiyo usasa wenyewe, mama. Jibini halionekani, linahisiwa."

"Na lenyewe limekwenda wapi?"

"Limeingia pichani."

Ermelinda akatikisa kichwa kwa heshima. Alisoma hadi darasa la tano, na hakutaka ijulikane.

Masharti yalikuwa mepesi. Paja liwekwe mezani, na chupa ya mvinyo, na mkate. Mlango ufungwe, asiingie mtu, maana macho ya watu hukausha rangi kabla ya wakati.

Mlango ulipokuwa ukifungwa, Ermelinda aliona kitu. Fosco alikuwa ameulaza mkate kifudifudi, kitako juu.

Kwetu mkate uliolala kifudifudi huita balaa. Wiki ya harusi huliita kwa jina. Ermelinda alisimama ukumbini akigombana na nafsi yake. "Usiingie," alijiambia. "Mkate," akajijibu. Akamwona Loredana mjane kabla ya supu kuletwa mezani. Akaingia, augeuze tu, atoke.

Fosco alikuwa ameketi, kitambaa cha kulia shingoni. Kwenye turubai palikuwa na chupa tatu za kijivu, rangi bado mbichi. Kwenye paja palikuwa na shimo la kutosha kupitisha kofia.

"Mkate!" Ermelinda alipiga kelele. "Unaulaza kifudifudi wiki ya harusi ya mwanangu!"

"Mkate tu?" Fosco aliuliza, mashavu yamejaa. "Na paja je?"

Ilikuwa mara ya kwanza maishani Fosco kukiri kosa ambalo hajaulizwa. Ermelinda akaliona shimo, akanyakua kifimbo cha kusukumia unga. Kabla hakijashuka, kengele ya mlangoni ikalia.

Alikuwa Bi Argia, mama wa bwana harusi, katoka Modena kuja kukagua. Alikuwa ameshatangaza: akikuta meza ya aibu, anarudi na mwanawe. Alipita moja kwa moja hadi mezani.

"Panya hao?"

Ermelinda alifungua mdomo aombe radhi. Yakamtoka maneno ya Fosco.

"Panya gani, mkwe wangu? Huu ni usasa. Nyama iliyopungua imeingia pichani. Muulize Maestro huyu, msanii mwenyewe."

Argia akaitazama picha. Akaitazama tena. Kushindwa na mwanamke wa Bologna hakukubali.

"Naam," alisema. "Nainusa."

"Wenye elimu huinusa mara moja," alisema Fosco, jicho moja kwenye kifimbo.

"Nyumbani nina mapaja manne, Maestro. Manne! Tunaondoka sote Jumapili."

Macho ya Fosco yakang'aa. "Ila masharti, mama: nikiwa kazini asiingie mtu—"

"Nani, mimi? Mimi siachi nyama yangu na mgeni hata kukiwa na msiba. Nitaketi nawe asubuhi mpaka jioni. Na wachoraji, nasikia, huchora vizuri wakiwa na njaa."

Loredana aliolewa. Watu wa Modena walilila lile paja kwa adabu, wakinong'onezana juu ya shimo kama wajuzi. Na Fosco yuko Modena hadi leo, amekonda, skafu inamzunguka mara nne. Kila picha Argia huinusa, kisha humwambia arudie.

Wenye mabinti wa kuozesha, epukeni haya:

Msanii anayeuliza mnakula saa ngapi.

Mgeni anayewafungia mlango wa jikoni kwenu.

Picha ambayo lazima uelezwe kilichomo.

Kusema "naam" kabla hujaelewa.

Neno "kisasa", likitamkwa karibu na nyama.