Malalamiko Dhidi ya Dobi Aliyetuharibia Krismasi

Ndugu Afisa wa Ustawi,

Niwie radhi kukusumbua msimu wa sikukuu, lakini haya yamenifika shingoni.

Mimi ni mwenyekiti wa kamati ya wakazi wa jengo letu la ghorofa, kamati ambayo kila Krismasi husaidia wahitaji wa mji huu. Mwaka huu tulimchagua dobi mmoja, mama mjane anayeishi na mama mkwe wake katika chumba kilicho nyuma ya kibanda chake cha kupigia pasi. Tulimchagua kwa moyo mweupe. Wahenga walisema shukrani ya punda ni mateke, na mateke yenyewe ni haya:

1. Tulifika na bango, kwaya na mpiga picha, tukakuta wake wa wenye maduka wameshatutangulia. Unga na sukari vimejaa mezani! Picha ingeonyesha anayesaidiwa ana vingi kuliko wanaomsaidia. Ikabidi katibu wetu apige magoti na suti yake, avisukumie vyote uvunguni. Kitanda kikainuka upande mmoja, na mama mkwe aliyekuwa amejilalia juu yake akateleza hadi ukutani. Maneno aliyotutolea siwezi kuyaandika katika barua ya kiofisi.

2. Dobi alikuwa anacheka. Mpiga picha akamwomba kwa adabu aonyeshe huzuni kidogo. Akauliza, "Ya njaa au ya msiba? Zote ninazo, niambie nitoe ipi." Kwaya ikaangua kicheko katikati ya ubeti. Hatukupata hata picha moja ya kufaa.

3. Tulipomkabidhi mablanketi alishukuru, kisha akasema paa linavuja juu ya kitanda cha mkwewe, je, kati yetu kuna mwenye ngazi? Ndugu Afisa, ngazi haikuwamo katika ratiba. Mweka hazina alimweleza vizuri tu kwamba paa ni la mwaka mzima, Krismasi ni ya siku moja. Na tukiambizana ukweli, paa likizibwa, mwakani tutakwenda kumhurumia nini?

4. Hili ndilo lililonikaa rohoni. Jioni ile ile dobi alifungasha mablanketi yetu pamoja na vya uvunguni, akaenda kuwagawia wapagazi wanaolala kwenye baraza za soko. Bila bango. Bila hotuba. Hakumshirikisha hata mjumbe mmoja! Sasa wapagazi wanamwita Mama Krismasi, nami nikipita sokoni wananiuliza kama nimepotea njia. Maskini wakianza kusaidiana wenyewe kwa wenyewe, sisi wenye huruma tutakwenda wapi?

Kwa hiyo naiomba ofisi yako igawe maskini kwa haki, kila kamati na wake, asiguswe na wengine. Maskini apigwe marufuku kumsaidia mtu bila kibali cha maandishi. Tena kuanzia mwezi wa kumi asisaidiwe na yeyote, ili Krismasi imkute shida zake zingali mbichi.

Nisalimie nyumbani kwako, mama watoto na watoto wenyewe, na yule karani wako wa mapokezi anayenifungia mlango kila nikija. Sina kinyongo naye.

Ni mimi, niumiaye kwa ajili ya wengine,
Mwenyekiti

Nyongeza: Barua imechelewa kwa sababu mkesha wa Krismasi homa iliniangusha. Wanangu walikuwa wameshapiga simu kusema mwaka huu hawaji. Kamati ilinitumia picha ya maua kwenye simu. Dobi alikuja kuniletea mashati yangu, akaniona nilivyo, akavua viatu akaingia jikoni. Alinipikia supu, akanibadilishia mashuka. Kesho yake akaja na mkwewe, ambaye alinisimulia umbeya wa mtaa mzima hadi nikajikuta nacheka na homa yangu. Hakuna aliyepiga picha.

Tafadhali ichane barua hii.

Walipoinuka kwenda zao, dobi aliniuliza kama nina mtu wa kunitazama. Nikamjibu kwamba mimi ni mwenyekiti wa kamati.

"Sikuuliza hilo, baba," akasema, akaketi tena.