Kofia ya Baba Mkwe na Sweta la Pua Nyekundu

Jumamosi, 13 Desemba

Mwaka huu kofia ni yangu. Nimeamua. Sitaki mjadala.

Naandika hapa kwa sababu nikimwambia Wamaitha atacheka, na mke wangu akianza kucheka kabla mpango haujaiva, mpango hufa palepale. Kofia ya marehemu baba mkwe! Ile ya kahawia, yenye unyoya wa kanga ubavuni. Kila Krismasi mama mkwe huitoa sandukuni, huipangusa, kisha humvisha mwanamume aliyependeza kuliko wote na kuwafurahisha watu kwa ukarimu. Mwenye kofia huketi karibu naye siku nzima. Hukata nyama. Huombwa aseme neno. Jioni kofia hurudi sandukuni.

Tangu mzee atuache, kofia imekaa kwenye kichwa kimoja tu. Cha Gakuru, kaka yake Wamaitha. Anaishi Rongai, suti mpya kila mwaka, na mbuzi nyuma ya gari. Mwaka jana alivaa suti ya rangi ya maziwa. Maziwa! Kwenye nyama choma! Na hakupata hata doa. Mimi nilivaa shati jeupe, na kabla ya sala ya chakula tayari nilikuwa na supu kifuani.

Lakini yule mzee alinipenda mimi. Siku niliyokwenda kuposa, tai yangu ilikuwa fupi mno, ilifika kifuani ikakata tamaa. Mzee alicheka mpaka akavua kofia ile ile akaanza kujipepea nayo. Akasema mtu wa kumchekesha hivi asiachwe aende. Kwa hiyo nina haki na ile kofia kuliko Gakuru, ila shahidi wangu ni marehemu.

Hatua ya kwanza tayari. Nimeandika kwenye kundi la WhatsApp la familia kwamba mbuzi wa mwaka huu anatoka kwangu, shemeji Gakuru apumzike. Gakuru amejibu kwa dole gumba. Dole gumba la dharau, nalijua.

Mbuzi sina.

Jumatatu, 15 Desemba

Mavazi kwanza. Mimi nauza mapazia hapa Kitengela. Kwa nini muuza mapazia ahangaike na kitambaa cha watu wengine? Nimechukua pazia moja la mahameli, rangi ya dhahabu, ambalo hakuna mteja aliyelitaka tangu Pasaka kwa kuwa linaumiza macho. Nikampelekea fundi Kimanzi nikamwambia nataka koti. Akauliza la nani. Langu! Akanitazama, akatazama pazia, akauliza kwa upole kama mke wangu, Mama Kui, anajua.

Anasema ringi za kuning'inizia zimeshonewa kwa uzi mgumu, akizitoa kitambaa kitachanika. Nikafikiri kidogo. Nikamwambia aziache, azizungushe chini ya koti kama urembo. Akauliza mara mbili kama nina hakika.

Hakuna mtu Rongai nzima mwenye koti lenye ringi!

Jumatano, 17 Desemba

Ciku, jirani yangu wa mitumba, alifungua mtumba mpya leo akitarajia nguo za watoto. Ndani, masweta ya Krismasi matupu! Mazito, ya sufu, ya nchi za theluji. Na jua hili la Desemba! Ciku akaketi chini akashika kichwa. Mimi nikaona mlango umefunguka. Nikachagua jekundu, lenye mnyama wa pembe kubwa kifuani. Ukibonyeza kitufe karibu na shingo, pua ya mnyama inawaka na kuzima. Nikambadilishia kwa pazia la jikoni.

Mpango ni huu. Mzee Parsaoti, mteja wangu wa upande wa Kajiado, ana mbuzi wasiohesabika. Na Wamaasai nimekaa nao miaka mingi, nawajua. Ukimpa mmoja zawadi ya moyo, hakuachi hivihivi. Basi mimi natoa sweta kwa moyo, yeye anatoa mbuzi kwa moyo, mbuzi anakwenda kwa mama mkwe. Ukarimu pande zote!

Alipita dukani saa za chakula. Akanisalimu kwa Kimaasai, sopa, nikajibu ipa, akauliza habari za watoto wangu na za mifugo ambayo sina. Nikamkabidhi sweta. Akalivaa papo hapo juu ya shuka. Akauliza huyu ni mnyama gani mwenye pembe kama mti uliokauka. Nikamweleza ni kama ng'ombe wa huko kwenye baridi kali, huvuta mizigo ya Krismasi. Akamwonea huruma. Halafu nikabonyeza kitufe.

Alicheka mpaka akashika pazia la maonyesho, fimbo yake ikaanguka, tukacheka wote wawili chini ya pazia. Kisha akatembea soko zima, mzee wa heshima na rungu mkononi, pua inawaka na kuzima. Watu waliacha biashara wakamfuata.

Kuhusu mbuzi hakusema neno. Hata moja! Amekwenda zake Kajiado. Nimepoteza pazia la jikoni.

Ijumaa, 19 Desemba

MBUZI AMEKUJA!

Parsaoti mwenyewe amemleta kwa pikapu, akiwa ndani ya sweta, jasho linamtiririka na hataki kulivua. Mbuzi mweupe, masikio ya kahawia, mnene. Tayari nilimwona Gakuru akila kichwa chini.

Parsaoti akanishika mkono kwa mikono miwili. Akasema kwao watu wakipeana mbuzi hawaitani tena kwa majina yao. Kuanzia leo mimi kwake ni Pakine, na yeye kwangu ni Pakine, na jina lenyewe linatokana na mbuzi. Ataniita hivyo mpaka tuzeeke. Kusema kweli nilijisikia vizuri sana. Mimi nimepewa majina mengi katika maisha, lakini mengi ni ya wadai na mashemeji.

Kisha akaendelea kuongea. Kwamba mbuzi huyu ni wa uzao wa mbuzi wa mama yake. Kwamba ana mimba. Kwamba atanizalia kundi. Na kwa kuwa Krismasi tuko kwa mama mkwe, hapo karibu na Isinya ambapo yeye hupita, atakuja kumsalimia.

Kumsalimia mbuzi!

Nikatabasamu. Nikasema karibu sana, Pakine. Meno yangu yaliuma kwa kutabasamu.

Jumapili, 21 Desemba

Siwezi kumchinja. Parsaoti akimkuta mbuzi wa mama yake juu ya makaa siku sita baada ya kunipa jina, nitajificha wapi? Na siwezi kwenda bila nyama. Familia nzima inangoja.

Nilimpigia Parsaoti nikamwambia huenda sherehe ikahamishwa, labda kule mbali Entarara kwa binamu. Nilitaka kumchosha na umbali. Akafurahi! Akasema ana jamaa karibu na huko, Loitokitok, atalala kwao. Ikabidi niirudishe sherehe Isinya.

Wamaitha anasema niandike ukweli kwenye kundi, Gakuru alete mbuzi kama kawaida. Kamwe! Nimeandika kwamba kuna mshangao mkubwa. Mama mkwe amejibu kwa kuomba maombi.

Mbuzi amekula sampuli za pazia la maua. Binti yetu Kui anasema ana ladha nzuri ya mavazi.

Jumatano, 24 Desemba

Koti tayari! Linang'aa mpaka Kimanzi aliniomba nisisimame mlangoni, wateja wanafumba macho. Nikitembea, ringi zinalia. Nikisimama, zinaendelea kidogo. Wamaitha alicheka akaegemea ukuta, kisha akanitengenezea ukosi, akasema baba yake angelipenda sana. Ilinibidi nitoke nje kidogo.

Kuhusu nyama bado sina mpango. Nina koti.

Alhamisi, 25 Desemba. Krismasi!

Sijui nianzie wapi.

Tuliingia kwa mama mkwe, mimi kwa kelele za ringi, mbuzi kwa utepe mwekundu shingoni. Watoto walishangilia. Gakuru alikuwa na suti ya zambarau na viatu bila soksi. Nakiri, alipendeza. Vijana wakaja na visu vilivyonolewa, wakauliza mbuzi afungwe wapi. Nikasema huyu mbuzi ni mgeni.

Visu vikashuka.

Mama mkwe akaniuliza, kwa heshima zote, Baba Kui, basi mgeni akishakaribishwa, sisi tutakula nini? Nikasema chapati ni nyingi.

Hapo Gakuru akafungua buti ya gari. Mbuzi mzima, amechunwa, yuko tayari kwa moto. Akasema huyu ni wa spea, maana shemeji yake anamfahamu. Watu wakapiga makofi. Nikajua kofia imekwenda Rongai tena.

Nyama ikiwa motoni, Parsaoti akafika. Sweta, pua inawaka, kibuyu cha maziwa mkononi. Hata hajamaliza kusalimia wazee, mbuzi wangu akalia nyuma ya tangi la maji. Anazaa! Tukakimbia wote. Parsaoti akapiga magoti, akaniita, Pakine, shika hapa. Nikashika. Mimi, mtu wa mapazia! Mwanambuzi akatoka, amelowa, anatetemeka, na ule upepo wa kwetu usio na adabu ulikuwa unavuma. Hakuna aliyekuwa na kitambaa.

Nikavua koti nikamfunika. Naapa sikuwa na mpango wowote. Nililivua tu. Mwanambuzi akalala ndani ya dhahabu, akipumua ringi zikilia.

Mama mkwe alinitazama muda mrefu. Akaingia ndani. Akarudi na kofia. Akasema marehemu angeyaona haya angejipepea mpaka jioni. Akanivisha mimi. Mimi! Nililia mbele za watu, na wa kwanza kupiga makofi alikuwa Gakuru.

Laiti siku ingeishia hapo.

Nilikaa karibu na mama mkwe. Nilikata nyama. Nikasimama kusema neno, Kui anarekodi, watu wote wananitazama mimi, na nikajiuliza, mtu mkarimu kweli kweli angefanya nini sasa? Ndipo nikavua kofia, nikamvisha Parsaoti, nikasema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, vaa, Pakine wangu, hii ni yako!

Kwa ajili ya picha! Kila mtu kwetu anajua hayo ni maneno ya sherehe. Unampa mtu, anacheka, anakurudishia.

Parsaoti hakucheka. Aligusa unyoya. Machozi yakamlengalenga. Akasema maishani mwake hajawahi kupewa kitu kilichotoka kichwani kwa mzee wa mtu. Akatubariki kwa Kimaasai kwa muda mrefu, na sisi tukawa tunaitikia bila kujua tunaitikia nini. Alikula, akashukuru, akaaga. Tulisimama getini wote, tukaitazama kofia ikienda Kajiado.

 

Ijumaa, 26 Desemba

Wamaitha hacheki. Ni mbaya zaidi.

Gakuru amepiga simu kuniomba niende Kajiado niirudishe. Nikamwambia aende yeye. Akasema mwenye jina la mbuzi ni mimi. Mama mkwe amejifungia chumbani na sanduku tupu. Nilimvalia marehemu koti la dhahabu, kisha nikagawa kofia yake kwa ajili ya video. Sijala tangu asubuhi, isipokuwa mutura, ile soseji ya utumbo.

Jumapili, 28 Desemba

Tumeitwa Isinya sote baada ya kanisa. Nilikwenda kama mtu anayepelekwa kwa chifu.

Uani kuna mtamba wa ng'ombe! Mweusi, baka jeupe usoni, anakula majani ya mama mkwe bila wasiwasi. Kumbe Kui alimwambia Parsaoti siku ile kwamba kofia ilikuwa ya babu yake. Parsaoti akaona zawadi imetoka katika nyumba hii, na jibu lazima lirudi katika nyumba hii. Amemleta mwenyewe, kofia kichwani, unyoya umesimama.

Mama mkwe alimzunguka mtamba mara kadhaa. Akamtazama Parsaoti, kofia juu na sweta chini, pua inawaka. Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akavua kitambaa cha kichwa akaanza kujipepea nacho, na sisi tuliomfahamu marehemu tukaanza kulia huku tunacheka. Akasema kofia ilikuwa inalisha nondo mwaka mzima, sasa inatembea na watu. Krismasi ijayo aliyependeza na kufurahisha atakunywa kikombe cha kwanza cha maziwa ya mtamba huyu. Gakuru akanipa mkono. Akauliza kwa sauti ya chini fundi wangu wa koti ni nani.

Njiani Wamaitha alinishika mkono. Akasema anatumaini sasa nimejifunza kutoa bila kutazamia kurudishiwa. Nikamwambia nimejifunza sana. Somo kubwa.

Sweta lilileta mbuzi. Kofia imeleta mtamba. Thamani inapanda!

Parsaoti ana kaka, anaitwa Koinet. Nimeulizia. Koinet anafuga ngamia, na asubuhi huko kwake kuna baridi. Nimepita kwa Ciku, limebaki sweta moja la kijani lenye mtu wa theluji, mikono mirefu, safi kabisa. Nimepima geti letu pia. Ngamia akiinamisha shingo, anaingia.