Mlinzi wa Mtaa wa Milango Wazi

Mwaka 1959 Himid aliteremka Chake Chake, Pemba, na sanduku moja, maana Unguja mjini kila askari alishamjua kwa jina. Akautazama mtaa. Milango wazi, nguo uani, mtu haonekani. Watu hawa walihitaji mlinzi, masikini, na wenyewe hawajui.

Akamwendea sheha, Mzee Silima.

"Mzee, Unguja kila pahala na wizi wake. Bandarini magunia, sokoni mifuko, Ramadhani watu wakifuturu, majumba. Nilipeni mimi, mlale."

"Kwani sasa hatulali?" Mzee Silima akauliza. "Huku huibwa karafuu, na msimu bado. Wizi ukitokea, njoo tuzungumze."

Basi ilibidi utokee. Watu walipokwenda kuswali adhuhuri, Himid akachukua mbuzi ya kukunia nazi ya Bi Mwatum, jirani yake. Kesho yake kinu. Halafu jembe, karai, mkeka mpya. Akavirundika chumbani alimopanga, akakaa barazani kungoja kelele.

Kimya.

"Bi Mwatum, mbuzi yako iko wapi?" akauliza mwenyewe, kachoka kungoja.

"Kaazima mtu."

"Nani?"

"Mwenye nazi, mwanangu. Akimaliza ataleta."

"Na kama kaiba?"

"Aibe mbuzi!" Bi Mwatum akacheka mpaka akakaa chini. "Ende nayo wapi?"

Himid akazidisha bidii mpaka pa kulala hapana. Ndipo Bi Mwatum alipopita dirishani akachungulia. Hakupiga ukunga wala hakuita mwizi. Aliuambia mtaa mzima kwamba vyombo vimeonekana, viko kwa mgeni, na mgeni mwenyewe ana vitu vizuri vya kuazima.

Himid aliporudi kutoka kuoga kisimani, na shuka kiunoni, chumba kilikuwa cheupe. Vya watu vimekwenda. Godoro lake, taa, sanduku na nguo zote, navyo vimekwenda.

"Mwizi!" akapiga kelele katikati ya njia. "Nimeibiwa!"

Mtaa mzima ukatoka mbio kumtazama mtu aliyeibiwa.

"Hukuibiwa, mwanangu," Bi Mwatum akamtuliza. "Godoro lina wageni. Taa iko harusini. Sanduku kachukua mtu wa safari."

"Vitarudi lini?"

"Wakimaliza."

Mzee Silima akamtazama kutoka juu mpaka kwenye shuka. "Na wewe ndiye ulotaka kutulinda?"

Kazi ikaishia hapo. Asubuhi Himid akapanda gari ya Mkoani bandarini, arudi Unguja kwa askari wake. Alivaa kanzu ya Mzee Silima, imemfika magotini. Mzee alimsindikiza mpaka garini, akamwambia asifanye haraka kuirejesha.

Ndicho kitu pekee Himid alichotoka nacho Pemba, na hakukiiba.